Kwa Nini Hodi ya Alfajiri Hupigwa Mara Moja Kivindu

Zamani watu wa milima ya Kivindu waliamka kwa kuruka. Hodi ikipigwa alfajiri, aliye kitandani alipaswa kuwa mlangoni kabla haijapigwa ya pili, la sivyo aliitwa mvivu kutwa nzima. Waliobanwa zaidi ni wakamwana, kwa kuwa mpiga hodi alikuwa mama mkwe.

Nakijwa aliolewa huko akiwa mzima kabisa. Kazi yake ilikuwa kuteremsha mawe ya kusagia kutoka kilimani, mzigo kichwani, miguu mitupu juu ya mwamba. Baada ya kujifungua, kisigino chake kikaanza kuuma. Maumivu yalikuwa makali katika hatua za kwanza za asubuhi, kisha yakapoa kadiri alivyotembea. Alidhani ni mwiba. Akakichokonoa kwa sindano mpaka damu ikatoka, mwiba asiuone, maana haukuwamo.

Mama mkwe wake, Bi Nanzighe, alimwona alfajiri akichechemea na mchana akipanda kilima kama kawaida.

"Mguu gani huo unaojua saa?" aliuliza mbele ya watu, nao wakacheka.

Wazee wa ukoo wakakata shauri: mavuno yakiisha, Nakijwa arudishwe kwao, mtoto abaki. Aliposikia kuhusu mtoto, alilia hadi sauti ikamkauka.

Sasa, baba yake alikuwa fundi wa kuwamba ngoma. Nakijwa alijua kwamba ngozi ikilala bila kuwambwa hukauka na kusinyaa, na ukiivuta ghafla huchanika. Akaupapasa wayo wake, akauona umekaza vivyo hivyo. Tangu jioni ile akawa anavuta vidole kuja kwake na kunyoosha msuli wa nyuma ya mguu. Akashona ndara zenye kisigino kinene, na mzigo wa safari moja akaugawa mara mbili. Nafuu ilikuja, tena kwa kujivuta sana. Lakini hatua ya kwanza ya asubuhi ilibaki vile vile, kwa sababu hodi haikumpa nafasi.

Mavuno yalipokaribia, akapiga moyo konde. Hodi ikapigwa. Yeye akaketi kitandani, akapitisha ukanda wa kaniki chini ya vidole, akavuta taratibu. Hodi ya pili ikapigwa. Akavuta tena.

"Umeota pembe sasa?" Bi Nanzighe alifoka, akiugonga mlango kwa ngumi.

"Nisubiri, mama, naukunjua mguu," alijibu Nakijwa.

Alipomaliza akasimama, akaenda mlangoni bila kuchechemea, akafungua.

Bi Nanzighe alikuwa na matusi tayari mdomoni. Akaitazama miguu ya mkamwana wake, kisha ukanda mkononi mwake. Akaketi kizingitini, akanyoosha mguu wake wa kushoto.

"Nifanyie na mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Huwa naamka kabla yenu, nizunguke gizani mpaka uache kuuma, ndipo nije kupiga hodi. Nilidhani kila mtu anao ugonjwa huu, ila wewe ndiye hujui kuvumilia."

Nakijwa alikasirika, tena hakuficha. Aliuvuta mguu ule kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Bi Nanzighe akapiga yowe, lakini hakuuondoa. Habari ya kumrudisha mtu kwao haikutajwa tena.

Na tangu siku hiyo, Kivindu hodi ya alfajiri hupigwa mara moja tu. Aliye ndani hujibu, "Nakunjua!" Naye aliye nje huketi kizingitini akangoja, hata awe mama mkwe. Huyo hasa ndiye anayengoja kimya.