Kwa Nini Mkuyu wa Mpaka Hukaa Chunguni

Zamani, kabla mtu yeyote hajafikiri kwamba mti unaweza kubebwa kichwani, mikuyu yote ya milima ya Upare ilikuwa mikubwa. Shina la mkuyu halikukumbatika kwa mikono ya watu wanne, na kivuli chake kiliwatosha watu wa mkutano mzima. Mkuyu mdogo ulikuwa ule tu ambao haujapata muda wa kukua. Vyungu navyo vilikuwa na kazi mbili, kupikia na kuwekea maji. Kutia udongo mbichi ndani ya chungu kilichokwisha kuchomwa kulihesabiwa ni kukivunjia heshima. Udongo ule ulikwisha kutolewa shimoni, ukakandwa, ukafinyangwa, ukapita motoni. Kuurudishia udongo mwingine ilikuwa kama kumfunga mtu mzima mgongoni kwa mama yake.

Katika upande wa milima unaotazama nyika ya mashariki palikuwa na vijiji viwili, Kwembaa na Ighanzo. Siku hizi wengi huandika Iganzo, lakini jina lenyewe ni Ighanzo. Kati yavyo palikuwa na bonde, na katika bonde hilo palikuwa na shimo la udongo lililoitwa Kiraghe. Udongo wa Kiraghe ulikuwa wa kijivu, hauna changarawe, nao ulistahimili moto kuliko udongo wa mahali pengine. Wanawake wa vijiji vyote viwili waliuchimba wakati wa kiangazi, wakafinyanga, wakachoma, kisha wakateremka na vyungu nyikani kubadilishana na nafaka. Mashamba ya mlimani yalikuwa membamba. Mwaka ambao vyungu havikuteremka, watu walilala njaa.

Ukingoni mwa shimo ulisimama mkuyu, nao ndio uliokuwa mpaka. Upande wa magharibi wa shina palikuwa Kwembaa, na upande wa mashariki palikuwa Ighanzo. Kwa kuwa mizizi yake ililizunguka shimo lote, hakuna aliyeuliza shimo ni la nani.

Ikaja masika moja ambayo mvua haikukatika kwa siku kumi na moja. Kilima kikamomonyoka, mkuyu ukang'oka na kuchukuliwa na maji, na pale uliposimama pakabaki tope lisilo na alama. Watu wa Kwembaa wakasema mti ulisimama ng'ambo ya shimo, upande wa Ighanzo, kwa hiyo shimo lote ni lao. Watu wa Ighanzo wakasema ulisimama ng'ambo hii, upande wa Kwembaa. Kila upande ulikumbuka, kwa uaminifu kamili, lile lililoufaa. Kiangazi kilipofika, wanaume walikuwa wamekaa kwenye kingo zote mbili na mikuki yao. Mwanamke wa kwanza kuteremka na jembe alirudishwa kwa mshale uliochoma ardhi mbele ya miguu yake. Shimo likafungwa.

Huko Kwembaa aliishi mfinyanzi mmoja mjane, jina lake Nambike. Alijulikana kwa jambo moja, kwamba vyungu vyake havikuvuja. Kila chungu alikijaza maji asubuhi, akakiweka juu ya majivu makavu, na jioni akayatazama majivu. Yakiwa na doa, hata la ukubwa wa punje ya mtama, alikivunja chungu hicho.

Siku moja, akitembea chini ya shimo, Nambike aliona tawi limejitokeza katika tope. Lilikuwa la urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, nalo lilikuwa na majani mawili mabichi. Akalitambua kuwa ni la mkuyu ule. Alilipeleka kwa wazee, na wazee wa pande zote wakakutana ukingoni: Mzee Senzia akiwaongoza watu wa Kwembaa, na Mzee Mgonja akiwaongoza wa Ighanzo. Jambo la kwanza walikubaliana upesi. Tawi ni mtoto wa mkuyu, na pale litakapopandwa ndipo patakapokuwa mpaka. Jambo la pili, yaani lipandwe wapi, lilichukua siku nne na halikwisha. Muda wote huo tawi lilikuwa limefungwa katika jani la mgomba, na jani moja kati ya yale mawili lilikwisha kuanguka.

Siku ya nne Nambike aliwaambia wazee kwamba wakimaliza kuzungumza watakuwa wanapanda kuni. Akachukua chungu chake kimoja, akatia udongo, akachomeka tawi ndani yake. Wazee kadhaa waligeuza nyuso wasione. Mzee Mgonja hakugeuza uso. Alikitazama chungu kwa muda, kisha akatoa shauri ambalo watu wa huko wanalirudia mpaka leo. Alisema kwamba maadamu mti haujapandwa ardhini, mpaka haujawekwa. Na mpaka usiowekwa hakuna mtu anayeweza kushtakiwa kwamba ameuvuka. Kwa hiyo, mpaka siku ya kupanda, shimo liwe wazi kwa wote. Mti ukae Kwembaa nusu ya mwaka na Ighanzo nusu ya mwaka. Wa kuubeba kutoka kijiji hadi kijiji awe mwanamke mmoja, peke yake, kichwani. Kwa sababu wakihitajika wawili wataitwa wanaume, na wanaume watakuja na mikuki. Siku ambayo mwanamke mmoja atashindwa kuuinua, mti utakuwa umekomaa, na utapandwa. Wote walikubali, kwa kuwa kila upande ulidhani siku hiyo itakapofika wenyewe utakuwa na nguvu zaidi. Wanawake wakateremka Kiraghe na majembe yao.

Mwezi haukwisha, mti ukaanza kuwa wa manjano. Habari zikafika Ighanzo, na mtu wa kwanza kuja kuutazama alikuwa Nakijwa, ambaye huko alikoolewa walimwita Mama Mbonea kwa jina la mwanawe. Yeye alikuwa dada wa marehemu mumewe Nambike, na alikuwa mfinyanzi vilevile. Aliinama juu ya chungu, akanusa.

"Wifi, mti wenu unanuka bwawa."

Nambike alimjibu kwamba anaumwagilia kila asubuhi, na kwamba chungu kile hakijapoteza tone.

"Ndilo kosa lake. Kitoboe."

"Sijatoboa chungu tangu nizaliwe."

"Marehemu kaka yangu nilimwambia, huyu mwanamke unayemwoa kazi yake ni kuziba tu. Hakunisikia. Kitoboe, au nikutobolee mimi."

Nambike alifinyanga chungu kingine. Udongo ulipokauka nusu, alimwomba wifi yake atoke nje kwanza. Alipokuwa peke yake alipitisha kidole kidogo kitakoni mwa chungu mpaka kikatokea upande wa pili. Baada ya kukichoma alikijaza maji, akakiweka juu ya majivu kama desturi yake. Majivu yakalowa yote. Hiyo ndiyo mara ya kwanza hakukivunja. Aliuhamishia mti humo, nao ukapona.

Miaka mitatu mti ulikwenda na kurudi. Kila ulipofika, wenyeji waliutazama kama wanavyotazama mtoto wa ndugu, wakasema umekua, wakafurahi. Waliofikiri zaidi hawakufurahi sana. Mwaka wa nne mizizi ilitokeza katika tundu, chungu kikapata ufa, na Nambike alipojaribu kukiinua, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya kubadilishana zamu ya mti, hakuweza kukifikisha hata magotini.

Neno likaenea. Mzee Senzia alisema, bila kuficha furaha, kwamba siku imefika, na akaamuru shimo la kupandia lichimbwe ng'ambo ya Kiraghe. Watu wa Ighanzo nao walichimba lao ng'ambo hii, upande wa Kwembaa. Vijana wakaanza kunoa mikuki. Yalikuwapo mashimo mawili na mti mmoja.

Mama Mbonea alikuja Kwembaa siku hiyohiyo. Alimkuta wifi yake ameketi mbele ya udongo uliokandwa, akisema atafinyanga chungu kikubwa zaidi.

"Chungu kikubwa, mti mkubwa," akasema Mama Mbonea. "Na shingo yako ni ileile."

Nambike akauliza, chungu kikiwa kizito kupita kiasi, wao wafinyanzi hufanya nini.

"Tunakikwangua."

Nambike akanyoosha mkono, akachukua kisu.

"Ngoja, wifi. Udongo hauna uhai, huu unao. Ukiufisha huu, mwanangu Mbonea yuko kule na mkuki, na watoto wa kaka yangu wako hapa na yao. Mimi nitamlilia nani kwanza?"

Nambike alimwambia kwamba wasipofanya kitu watalia vilevile. Hapo Mama Mbonea alikishika chungu kwa mikono miwili, wakakivunja, na mti ukatoka na fundo la mizizi lenye umbo la chungu kile. Waliufanyia kama wanavyofanyia udongo. Walitoa kidogo, wakazungusha, wakatazama, wakatoa tena. Walipunguza theluthi moja ya mizizi, na matawi ya juu kwa kadiri hiyohiyo, ili kinywaji na wanywaji vilingane. Kisha wakatengeneza chungu kipana cha shubiri mbili, kifupi kama sinia, chenye matundu mawili kitakoni na miguu mitatu ya kuyainua matundu hayo kutoka ardhini. Walikianika kwa siku nne na kukichoma ya tano, na mizizi ilisubiri ndani ya tope la Kiraghe.

Siku ya kubadilishana, Nambike aliweka kata ya majani kichwani, akauinua mti peke yake mbele ya watu wote, akavuka bonde. Lakini majani yote yalikuwa yamepukutika. Vijana wa Ighanzo walicheka, wakauliza kama Kwembaa sasa wanaleta mwiko wa kusongea ugali. Mzee Mgonja aliligusa shina, akasema hawezi kujua kama ni hai au limekufa. Atangoja mwezi uandame. Mti usipochipua, watapanda tawi lingine ardhini, na kila mtu alijua maana yake ni mikuki.

Mama Mbonea aliuweka mti mlangoni pake. Alimwagilia maji kidogo asubuhi, akakaa karibu nao akifanya kazi zake. Siku ya kumi hakukuwa na kitu, wala siku ya kumi na tano. Watu walipita, wakautazama, wakapita tena. Siku ya kumi na tisa, kwenye ncha ya tawi la chini kabisa, aliona kitu kilichochongoka, cha kijani chenye wekundu kidogo, kisichozidi ukucha wa mtoto. Hakumwita jirani. Alimtuma mwanawe Mbonea amwombe Mzee Mgonja aje aone kwa macho yake.

Mzee Mgonja alikuja, akainama kwa muda mrefu kuliko mgongo wake ulivyopenda. Aliponyooka aliwaambia vijana waende wakafukie lile shimo walilochimba.

"Na mmwambie Senzia afukie lake," akasema. "Mti unabebeka."

Na tangu siku hiyo mkuyu wa mpaka haujagusa ardhi. Mzee Senzia alikufa akiusubiri ukomae, na Mzee Mgonja akafuata. Shina la mti sasa ni nene kama paja, na gome lina mikunjo kama ya mikuyu ya mabondeni, lakini kimo chake hakifiki kiunoni. Kila kiangazi cha tatu wafinyanzi wa vijiji vyote viwili hukutana kuupunguza mizizi, na kijiji kinachoutoa ndicho kinachofinyanga chungu. Ndiyo sababu vyungu vya mimea vya huko vina matundu na miguu mitatu, na ndiyo sababu msichana anayejifunza ufinyanzi hapewi udongo wake mwenyewe kabla hajakitoboa kwa kidole kidogo chungu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga. Mkipita Kwembaa au Ighanzo mtaona vyungu hivyo milangoni, vingine na mishubiri, vingine na mikuyu midogo ambayo si mpaka wa kitu chochote.

Mpima ardhi mmoja alifika huko na vigingi vyake na minyororo yake, akawauliza wanawake waliokuwa wakichimba Kiraghe mpaka wa vijiji viwili uko wapi. Mmoja alisimama, akajifuta udongo mikononi, akamjibu kwa adabu kwamba kwa sasa uko Ighanzo, lakini akipenda kuungoja, utaletwa baada ya mavuno.