Neva Iliyokwenda Jikoni Imefungwa Macho

Hii nimeletewa na shemeji yangu, mtu ambaye akianza kukusalimia asubuhi mnaagana adhuhuri. Sidhani kama mwenyewe aliisoma hadi mwisho. Isome wewe, kisha mpelekee mwenye kuhitaji.

Katika chuo kimoja cha uuguzi huko Kagera palikuwa na mwalimu aitwaye Kokushubila. Alifundisha habari za ubongo, na somo hilo alilipenda kuliko chakula. Mkuu wa chuo, Bwana Rwegoshora, hakulipenda hata kidogo. Tena hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

Asubuhi moja Mkuu aliingia darasani na uso wake uleule.

"Mwalimu, wanafunzi wako wote wameshindwa swali moja. Seli za dopamini, ile kemikali ya hamu na mwendo, zimekaa chini ya ubongo, nazo zinaotesha nyuzi mpaka mbele, mahali pa hamu na mwendo. Nyuzi hazina macho. Nani anazionyesha njia?"

"Ni swali gumu, Mkuu."

"Basi leo nataka kusikia jibu la mtu aliyeelewa, kwa maneno yake mwenyewe. Nikilikosa, kesho unahamia stoo ya mashuka."

Kokushubila aliifahamu stoo hiyo vizuri. Ilikuwa na panya na haikuwa na dirisha. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

"Basi naomba Mkuu mwenyewe uwe neva, yaani mmoja wa nyuzi hizo," akasema.

Darasa zima likashusha macho. Mkuu naye hakutaka aonekane mwoga, akavua miwani. Mwalimu akamfunga macho kwa mtandio wake, akawapanga wanafunzi nje, kuanzia mlangoni mpaka jikoni.

"Ninyi ndio seli za njiani," akawaambia. "Seli zina molekuli za kunata, ni kama vijikono vilivyo juu ya ngozi zao. Uzi wa neva unavigusa, unashika, unasogea mbele. Mkuu akipita, mpeni mkono."

Nani athubutu kumgusa Mkuu? Walifanya kama kila siku anapopita: mikono nyuma, midomo imefungwa. Akapita katikati yao kimya kimya, akapinda kulia, akapotelea kwenye kamba za kuanikia.

"Mwalimu," mmoja akasema, "neva imevaa shuka."

Wakamvua shuka bichi na kumrudisha mlangoni. Kokushubila akafoka: "Nimesema mshikeni!"

Wa kwanza mlangoni alikuwa Advera, binti aliyelelewa na bibi yake akaleleka. Aliudaka mkono wa Mkuu kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba."

"Mama hajambo huko nyumbani?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

"Wazima."

"Na migomba?"

Kwetu mtu hachomoi mkono salamu haijaisha, hata nyumba ikiwaka moto. Mkuu alisimama palepale akiitikia, mpaka salamu za Advera zikafika kwa mbuzi wa Mkuu aliyekufa mwaka jana, akampa pole. Neva haikuwa imesogea hata hatua moja.

Kokushubila aliona kabisa mlango wa stoo ukimfungukia.  Akamsogelea Advera.

"Advera, mwanangu, mguse ajue upo. Kisha umwachie aende kwa mwenzako."

Wakaanza upya. Mkono ukamgusa Mkuu, ukamwachia. Mwingine ukampokea, ukamwachia. Mwanzoni alikwenda kwa mashaka, lakini alipofika kwenye kona alikuwa anaunyosha mkono mwenyewe kumtafuta wa mbele. Mwishowe mkono mnene, wenye harufu ya kitunguu, ukamkamata na kukataa kumwachia.

"Umefika. Kaa," akasema Mama Paskazia, mpishi wa chuo, na kumtia kitu mdomoni.

Walikuwa senene, wale panzi watamu wa kwetu, wamekaangwa, maana ulikuwa msimu wao.

Mkuu akatafuna. Akatafuna tena. Halafu, macho yakiwa bado yamefungwa, akacheka mpaka wapishi wakatoka nje kutazama.

"Nani amekuonyesha njia, Mkuu?" akauliza Kokushubila.

"Hakuna! Kila mmoja alinigusa tu akaniachia, nami nikasogea kwa mwenzake, mpaka huyu aliyenikamata."

Kokushubila akamfungua mtandio taratibu.

"Asante, Mkuu. Hilo ndilo jibu ulilolitaka, tena kwa maneno yako mwenyewe."

Bwana Rwegoshora akamtazama mwalimu, akalitazama na bakuli la senene. Aibu ilimshika, lakini senene walimshika zaidi.

"Stoo tutaitafutia mtu mwingine," akasema. "Na somo hili lirudiwe kesho. Neva ni mimi tena."

Funzo: Asiyekupa mkono anakupoteza, na asiyeuachia mkono wako anakuchelewesha; msaidie mwenzako kwa kumshika, kisha mwachie afike anakokwenda. (Shemeji, ukiisoma hii, usinipigie simu kunisalimia.)