Watatu Walioushika Mkanda

Fumbo hili limemshinda anayelisimulia, na limemshinda pia Sempoli, aliyelala ndani yake.

Katika kiwanda kimoja cha mkonge walikuwapo vibarua watatu. Ntahondi, fundi umeme, alikuwa na kipaji cha kuiona ajali kabla haijatokea. Tupokigwe hakukiamini kitu mpaka akifunge kwa mkono wake. Chilumba alijua wakati wote nani yuko wapi, kila zamu aliwahesabu wenzake, nao wakamtania, "Chilumba, utatuhesabu kama kuku hadi tutage."

Aliyelisha mashine majani kwa mkanda alikuwa Sempoli, mzee wa miaka thelathini na moja kazini, magoti yamekwisha. Umeme ulikatika mara kwa mara, na kila ukikatika kitufe cha kuwashia mkanda kiliruka nje. Alichoka kukibonyeza upya. Akakifunga kwa kamba ya katani, kibaki ndani.

Siku moja majani yalikwama, umeme ukakatika. Sempoli hakwenda kwenye swichi kuu ya mkanda. Umeme haupo, azime nini? Akainua kifuniko, akakiegemeza kwa kijiti, akatambaa juu ya mkanda hadi karibu na meno ya mashine.

Umeme ukarudi. Alisikia pampu ya maji ikinguruma, akaikumbuka kamba yake. Lakini mkanda haukutikisika. Mwezi uliopita Ntahondi alikuwa ameweka swichi ndogo chini ya kifuniko: kikiwa wazi, mota haipati umeme.

Tupokigwe, kwa mbali, aliona umeme upo na mkanda umetulia. Utulivu huo hakuuamini. Akashusha swichi kuu, akaitia kufuli la sanduku lake la nguo mpaka fundi aje aangalie, akaenda kumnyonyesha mwanawe, ufunguo kifuani. Nyuma yake Sempoli alijivuta kwa pupa, mguu ukapiga kijiti, kifuniko kikaanguka na kujifunga. Swichi ndogo sasa haikuwa na la kuzuia. Mkanda haukutikisika. Kufuli liliushika.

Alipiga kelele, pampu ikazimeza. Msimamizi wa zamu akafika, akaagiza msumeno wa kukata kufuli ili kazi iendelee. Sempoli alisikia chuma kikikatwa. Mkono wa msimamizi ulipoifikia swichi, Chilumba akaushika.

"Bosi, tuko kumi na wawili. Naona kumi, na mama mmoja yuko kwa mtoto."

"Huyo mwingine yuko chooni."

"Chooni nimeshaangalia."

Wakainua kifuniko.

Kiwanda kilikuwa na nyumba moja tu ya matofali iliyo tupu, na wote watatu walilaza watoto chini ya mabati yanayovuja. Meneja akamwambia Sempoli, "Roho ni yako, mzee. Taja jina la aliyeiokoa, mwenye jina ahamie."

Siku tisa zikapita. Watatu wale wakaja kumketisha ili atoe jina.

"Bila mimi, hawa wangekuta nini cha kuokoa?" akasema Ntahondi.

"Swichi yako iliridhika na kifuniko tu, kaka," akasema Tupokigwe. "Haikujua kama kuna mtu."

"Na kufuli lako, dada, liliisha kwa msumeno," akasema Chilumba.

"Wewe je? Ulihesabu tu."

"Nilihesabu, ndiyo. Nani mwingine alihesabu?"

Wakacheka kidogo, kisha wakamtazama mzee. Naye alikuwa amechoka. Kila alipolitaja jina moja moyoni, alijiona amelala tena juu ya mkanda, na mmoja wa wale wengine hayupo.

Akaenda kwa meneja kukiri kwamba kamba ilikuwa yake.

"Sikuuliza kamba," meneja akasema. "Niliuliza jina."

Siku ya kumi meneja akachoka kungoja. Akampa nyumba Ntahondi, kwa kuwa jina lake lilitangulia katika orodha ya walioomba. Aliyetumwa kumfungulia mlango ni Sempoli. Tupokigwe alibeba godoro, Chilumba akabeba kitanda, wakaharakisha, maana mvua ilikuwa imeanza.

Nawe uliyesikiliza, ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungemfungulia nani?