Nyuki Ndani ya Santuri ya Nyamizi

Sogea. Apa kwanza kwamba haya hayatavuka mlango. Umeapa? Vizuri. Mimi sijaapa, kwa hiyo nawaambia nyote, na walioko uani watege sikio.

Hapo zamani, Tabora, mtaa wa Gongoni, palikuwa na mwali aitwaye Sikitu. Mama yake, Nyamizi, alikufa siku ya kumzaa. Sauti yake ikabaki kwenye santuri moja tu, wimbo wa kumtoa bibi harusi, alioimba siku alipopita mjini mtu wa mashine za kunasa sauti. Baba mtu akaifungia sandukuni, hakuweza kuisikia. Akaoa Tausi. Na huyo Tausi ndiye aliyembeba Sikitu mgongoni, akamsuka, akamkeshea alipougua surua.

Siku ya harusi sanduku likafunguliwa. Sikitu akasema, "Mimi sitoki humu mpaka mama aniage. Na atakayenirudishia sauti yake, huyo ndiye atanishika mkono anitoe mlangoni."

Kungwi wake, Bi Chausiku, akaruka. "Mkono wa mwali hushikwa na mama! Na akiwa mwanamume je?"

"Hata akiwa mbuzi."

Haya. Santuri ikawekwa kwenye mashine, nayo imeungwa na redio ili itoe sauti, sahani ikazunguka, sindano ikashuka. Kimya. Na huko mtaa wa Ng'ambo, kwa bwana harusi, ngoma zilikuwa tayari zinaoteshwa moto.

Akaitwa Mrisho, fundi redio. Akafungua ule mkono unaobeba sindano. Ndani mna nyaya nyembamba kama nywele za mtoto. Mrisho akakunja uso. "Huu mwekundu haukuchakaa. Umenyofolewa. Na kipande chake hakimo."

Watu wakatazamana. Mimi ningewaambia nani alimtazama nani, lakini tutachelewa.

Mrisho akabana pumzi, akaunga waya mpya, akatia tone la risasi iliyoyeyushwa, akauacha ulegee kidogo ili mkono usizuiwe mwendo. Sindano ikashuka. Nyamizi akaimba! Lakini juu ya sauti yake, mmmmm! Nyuki. Mzinga mzima. Hakuna neno lililosikika.

"Inueni, inueni!" Mrisho akapiga kelele. "Santuri ni hii moja, na kila ikichezwa sindano inaila." Sindano ikainuliwa, na nyuki bado wanavuma. Mrisho akajifuta jasho. "Shida ni moja. Haina ardhi."

Jirani Kapaya, mchimba visima, alikuwa dirishani anaonja pilau ya wageni kabla ya wageni. Kusikia hivyo, akaweka sahani chini, akaingia na mchanga viganjani. "Niutie wapi?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mrisho akasema, "We Kapaya, hii ardhi ya umeme, siyo ya mihogo! Mkono huu ni chuma. Unaokota mvumo kama kanga nyeusi inavyookota vumbi. Unataka waya wa kuushusha."

"Kuushusha wapi?"

"Ardhini."

"Sasa mnanichekea nini?"

Mrisho akainama nyuma ya mashine. Waya wa ardhi, ule wa kijani, alikuwa ameufunga kwenye bati la redio, na redio yenyewe haikuwa na ardhi. Basi wakaurefusha, wakaupitisha dirishani. Kapaya akagongelea nondo shinani mwa mrehani wa chini ya dirisha, palipomwagiwa maji asubuhi, akauzungushia waya. Nyuki wakahama. Vigelegele!

Vigelegele havijakauka, mmmmm! Nyuki wamerudi. Wakakaza waya. Nyuki wakahama. Wakakaa kidogo, nyuki wamerudi. Kiangazi cha Tabora hicho, nani atakumbuka udongo? Lakini wanawake walikumbuka jambo jingine. "Shoga, umeona? Kila jambo likienda mrama, Tausi hayumo chumbani." "Hataki mke mwenziwe wa kaburini asikike." "Anamwaga dawa dirishani, nakwambia!"

Ngoma zikaingia mtaani. Bwana harusi yuko kizingitini. Sikitu, kajifunika ushungi, akasema kwa sauti ya kitoto, "Ichezeni hivyo hivyo." Sindano ikashuka. Sauti ya mama mtu ikajaribu kupita, nyuki wakaimeza.

Ndipo nje pakasikika, "Nimemshika!"

Wote mbio uani, hata bwana harusi. Bi Chausiku amemkamata Tausi kifundo cha mkono, chini ya dirisha, kopo mkononi.

"Niachie nimwage," Tausi analia. "Niachie, wimbo unakwisha!"

"Umwage nini, mchawi we!"

Wakavutana, kopo likaanguka shinani mwa mrehani. Maji matupu. Na pale pale, dirishani, nyuki wakahama, na sauti ya mwanamke ikatoka safi: *Mwanangu, vuka, kizingiti si mto...*

Katika kuvutana, fundo la kanga ya Tausi likafunguka. Kikadondoka kipande cha waya mwekundu.

Mrisho akakiokota. "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta."

"Nilikinyofoa mimi," Tausi akasema. "Miaka yote ameniita mama. Nikasema, akimsikia yule, mimi nitabaki jirani. Kisha nikamwona analia... Nilitaka kukirudisha, sikupata uso. Nikaona nondo ikiloa, nyuki wanahama; udongo ukikauka, wanarudi. Ndiyo nikawa namwaga."

"Lakini bila mkono wangu," akasema Mrisho, "mngekuwa mnaimwagilia maji mashine bubu."

"Na bila ujinga wangu," akasema Kapaya, "mngesikiliza nyuki."

"Na aliyeiharibu mashine ndiye alipwe?" akafoka Bi Chausiku, bado hajamwachia Tausi.

Sikitu amesimama mlangoni, mkono ameunyoosha, machozi chini ya ushungi. Ngoma zinangoja. Ndani, santuri imefika ubeti wa mwisho, na mrehani unakauka.

Haya, ninyi mnaojua kusema watu, semeni. Je, nani alistahili kuushika mkono ule?