Lipu ya Thanasi

"Lipu huficha ukuta, haimfichi mwenye nyumba." Mmewasikia mafundi waashi wakitupiana maneno hayo, mkacheka, na sasa mwataka kujua yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walikuwa wameuteka mji mmoja mdogo wa Ugiriki. Wakawakusanya Wayahudi wote wa mji ule, wakawapakia kwenye treni kwenda kambi za mauaji, na nyumba zao wakazigawia watu wengine. Vita vilipokwisha, katika ukoo wa Kovo alirudi mmoja tu, binti aitwaye Reina. Alifika kwenye nyumba aliyozaliwa, akapiga hodi. Aliyefungua ni Thanasi, muuza ngozi.

"Umepotea njia, binti," akamwambia. "Nyumba hii nimeijenga mimi, tangu msingi."

Hati za nyumba zilikuwa zimeungua. Majirani waliomjua Reina tangu utotoni waliinamisha macho, maana nao walikuwa wamekalia viti vya Wayahudi waliochukuliwa. Miezi mitatu alilala katika ghala la shule, hana hata wa kumuuliza kama amekula. Hakuutafuta utajiri, masikini. Alitaka pale mama yake alipokuwa akikaa, kwa kuwa dunia nzima haikumbakishia mahali pengine.

Mwishowe Reina akashtaki, na hakimu akaja kuiona nyumba yenyewe. "Binti, huna hati wala shahidi. Una alama gani?"

"Ninayo moja, mheshimiwa. Kwetu Wayahudi mtu akijenga, huacha kipande cha ukuta bila lipu, dhiraa moja kila upande, mkabala na mlango. Tunalikumbuka Hekalu letu lililobomolewa Yerusalemu. Baba alikiacha pale."

Wote wakageuka. Ukuta ulikuwa mweupe, laini, hauna hata ufa.

Thanasi, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akaangua kicheko. "Lile pengo? Nililiziba mwenyewe wiki niliyohamia! Nikasema, fundi gani huyu mvivu, amalize nyumba nzima, ashindwe na dhiraa moja?"

Hakimu akamtazama. "Wiki uliyohamia? Si umesema uliijenga tangu msingi?"



Siku ile ile Reina akakabidhiwa ufunguo. Alitwaa patasi, akabandua lipu taratibu mpaka matofali aliyoyapanga baba yake yakaonekana. Kisha akatoka nje, akafunga mlango, akapiga hodi kama alivyozoea zamani. Akangoja. Hakuna aliyemwitikia. Alilia pale kizingitini, halafu akaingia peke yake.

Baadaye fundi aliyekuja kurekebisha paa aliliona lile pengo. "Dada, nikupigie lipu hapa?"

"Acha," Reina akasema, akamsimulia habari ya lipu ya Thanasi. "Hapo tulikuwa tukililia Hekalu. Sasa nawalilia na wangu, nao hawana kaburi jingine."

Fundi akavua kofia. Aliporudi kwa wenzake kazini, hakusimulia mengi. Aliwaambia tu: lipu huficha ukuta, haimfichi mwenye nyumba.