Nani Abaki na Mfumo wa Milimani?

Haya, kaeni vizuri, wakubwa kwa watoto. Ninayowaletea leo ni kesi, na hukumu yake haijatoka.

Jijini Mbeya, ghorofa ya pili juu ya duka la dawa za mifugo, palikuwa na kampuni ndogo iliyotengeneza programu za kompyuta kwa wateja. Mwenye kampuni alikuwa mama mmoja, Tusajigwe Mwasomola. Wafanyakazi wake walimwita dada Tusa. Alikuwa amebakiwa na watatu tu.

Atupele alikuwa na masikio. Mteja akisema anachotaka, yeye alisikia anachohitaji. Lugano alikuwa na mikono. Umweleze jambo asubuhi, utalikuta linafanya kazi kwenye kompyuta kabla jua halijazama. Sekela alikuwa na macho. Kazi ambayo wenzake wameiona imenyooka, yeye aliona pale itakapokatikia.

Dada Tusa aliendesha kazi kwa utaratibu. Ukutani aliweka ubao wa safu tatu: kinachosubiri, kinachofanywa, kilichokwisha. Kila kazi iliandikwa kwenye karatasi yake, na kila Ijumaa mteja alionyeshwa ilipofika. Karatasi haikuhamia safu ya mwisho bila saini ya Sekela.

Mwaka huo kazi zilikauka. Akabaki mteja mmoja, umoja wa zahanati za milimani. Walitaka mfumo wa kuita gari la wagonjwa mjamzito anapozidiwa, kwa sababu wanawake walikuwa wakifia njiani. Kampuni ilipewa miezi sita. Wakishindwa kumridhisha mteja huyu, mlango unafungwa. Kila asubuhi dada Tusa alipanda ngazi za ofisi akihesabu siku zilizobaki.

Mwezi wa tano wa kazi ulikuwa unakaribia kuisha, na karatasi karibu zote zilikuwa zimehamia safu ya mwisho. Hapo Atupele akaomba kupanda milimani kuwaona manesi. Mwenyekiti wa umoja, Mzee Mwaipaja, hakutaka. "Nimewaandikia kila kitu," alisema. Atupele akaenda hivyo hivyo, kwa basi na kwa miguu, siku nne. Alirudi anatetemeka kwa homa, soli moja ya kiatu imebanduka.

"Dada, tusimamishe kazi," alisema.

"Kuna nini?"

"Kule intaneti haifiki. Nesi akitaka mtandao anapanda kichuguu nyuma ya choo, na hapo ni ujumbe mfupi tu unaopita. Tulichojenga hakuna atakayekitumia."

Ijumaa hiyo Atupele akayasema hayo mbele ya bodi nzima ya umoja, kwamba alichoandika mwenyekiti hakilingani na hali ya kule. Mzee Mwaipaja alifunga daftari lake. "Tengenezeni mnavyojua," akasema. "Tarehe haibadiliki." Kuanzia siku hiyo hakuwahi tena kumjibu dada Tusa salamu kwa ukunjufu.

Dada Tusa akarudi ofisini, akazibandua karatasi za safu ya mwisho moja moja, akazirudisha mwanzo. Mikono ilikuwa mizito kama anakusanya nguo za marehemu.

Zilibaki siku thelathini. Lugano akaanza upya, mfumo wa ujumbe mfupi: nesi aandike neno moja na namba ya zahanati, gari lililo karibu liondoke. Siku ya tano alipigiwa simu kutoka Kyela. Baba yake alikuwa hajiwezi, na alikuwa akimwulizia.

"Nenda," dada Tusa alimwambia, ingawa moyoni aliomba asiende.

"Nikienda, nani atamalizia?" Lugano akajibu, akaendelea kuandika.

Siku ya ishirini baba akafa. Lugano alikwenda kuzika, kesho yake akawa mezani, macho mekundu. Siku ya ishirini na nane mfumo ukasimama. Unaandika neno, simu ya dereva inalia. Dada Tusa alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kisha Sekela akaanza kuujaribu. Mchana aliingia kwa dada Tusa na simu mbili mkononi.

"Zahanati mbili zikiomba gari sekunde moja, ombi moja linapotea," alisema. "Na nesi aliyepotezewa anajibiwa kwamba gari linakuja."

"Linatokea mara ngapi?"

"Mara moja katika majaribio mia tatu."

"Sekela, keshokutwa tunakabidhi. Weka saini. Tutarekebisha wakishapokea."

"Siwezi, dada."

"Ukikataa tunafunga. Mume wako yuko kitandani mwaka wa pili huu. Mtakula nini?"

"Sijui," Sekela alisema. "Lakini siwezi kusaini kwamba gari linakuja wakati haliji."

Dada Tusa alitoka akasimama kwenye ngazi, akalia kimyakimya hadi mteja wa duka la chini akamwuliza kama anaumwa. Aliporudi alimpigia Mzee Mwaipaja kumwambia watachelewa. Lugano alihitaji siku tisa kulirekebisha kosa. Walikabidhi wakiwa wamechelewa siku saba.

Wiki ya tatu mfumo ukiwa kazini, Jumatano asubuhi, mvua inanyesha, wajawazito wawili walizidiwa katika zahanati mbili zilizo mbali mbali. Manesi wawili walipanda vichuguu vyao, na ujumbe wao ukaingia sekunde ile ile. Magari mawili yakaondoka. Mmoja wa wale kina mama alikuwa amevuja damu nyingi hivi kwamba daktari alisema nusu saa zaidi asingemkuta hai. Wote wawili waliokoka, na watoto wao.

Siku mbili baadaye barua ikaja. Umoja umeridhika na mfumo. Lakini kampuni imechelewesha kazi, kwa hiyo hawataendelea nayo. Wataajiri mtu mmoja tu wa kuutunza mfumo. Mwenye kampuni apendekeze jina moja, Jumatatu tarishi atalifuata.

Dada Tusa aliwasomea barua hiyo. Kazi nyingine mjini haikuwepo, wote walikuwa wameshatafuta.

"Mimi naitaka, sitawadanganya," Atupele alisema. "Bila miguu yangu mngekabidhi kitu cha kuchezea."

"Baba yangu amekufa akiniita," Lugano alisema. "Nikiukosa na mfumo wenyewe, nitawaambia nini ndugu zangu?"

Sekela alikuwa akiangalia mikono yake. "Mama yule yuko hai kwa sababu nilikataa," alisema.

"Ungekataa nini kama nisingejenga?" Lugano akamwuliza. "Na kukataa kwako ndiko kumetufungia mlango."

"Kosa ulilitia wewe."

"Na Mzee Mwaipaja nani alimkasirisha?" Lugano akamgeukia Atupele.

"Ningenyamaza?" Atupele akajibu.

Kila mmoja akarudi mezani kwake. Hao walikuwa wamekula sahani moja miaka sita.

Jumatatu, saa nne asubuhi, tarishi alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, kofia magotini. Dada Tusa alikuwa na karatasi mbele yake. Alikuwa ameandika salamu, akaandika tarehe, akaandika "Ninampendekeza", akaishia hapo. Nyuma ya ukuta wa mbao aliwasikia wote watatu wakisogeza viti, wanasubiri.

Nami habari niliyonayo inaishia hapo alipoishia yeye. Aliyekwenda akasikia, aliyejenga baba yake akimwita, aliyekataa kusaini huku nyumbani kuna mgonjwa: mwondoe mmoja, na yule mama hafiki hospitali. Haya, ninyi mnaonisikiliza, tarishi yuko mlangoni. Ungeandika jina la nani, na wale wawili ungetoka ukawaambie nini?