Jicho Ambalo Halikuuma

Sogeeni mbele, ndugu zangu, viti vya huku havina miiba.

Mama mmoja, fundi cherehani, alianza kusumbuka kutunga uzi kwenye sindano. Akajiambia ni umri tu, anahitaji miwani. Asubuhi akaenda kliniki ya macho, huku nyuma ameacha gauni la bibi harusi halijapigwa pindo.

Akasoma herufi za ukutani, akapata namba ya miwani yake, akainuka aende zake. Binti aliyempima akamwomba akae kwanza. Alitaka kumtia dawa ya kupanua mboni ili aone ndani ya jicho, lakini kabla ya hapo lazima akague kona iliyo ndani ya jicho, pale maji ya jicho yanapopata njia ya kutoka. Mama akaudhika. Akasema hana maumivu, hana hata tongotongo, na bibi harusi anamsubiri.

“Mama yangu, kona hiyo ukiitazama moja kwa moja huioni,” binti akamwambia. “Mpaka kwa kioo.”

Akamtia dawa ya ganzi, akapunguza taa, akamwekea juu ya jicho lenzi ndogo yenye kioo ndani yake. Mama kidevu kiko kwenye mashine, na amenuna kwelikweli. Binti akatazama jicho la kwanza, akatazama la pili. Halafu akachukua ile chupa ya dawa ya kupanua mboni, akairudisha kabatini.

“Mama, njia ya maji imebana, karibu inaziba. Ningekutia dawa hii, presha ya jicho ingeweza kupanda leo hii hii, ukapoteza macho.”

Mama hakununa tena. Daktari akamtoboa tundu dogo kwa leza katika kila jicho, maji yakapata pa kupita, na gauni likaisha.

Jumapili ukafika wakati wa shuhuda. Mnatujua sisi na shuhuda zetu: huyu alilazwa akatoka, yule kapata kazi. Mama akasimama, na watu wakawa tayari kwa vigelegele.

“Namshukuru Mungu,” akasema, “kwa sababu sikuumwa.”

Akakaa. Wengine walikuwa bado wanasubiri muujiza uanze.

Je, na sisi si ndio hao? Homa ikituacha tunatoa sadaka ya shukrani. Ile homa ambayo haikuja, nani anaikumbuka? Maji ya ndani ya macho yako yamepita usiku kucha ukiwa umelala, na wala hukujua kama yana njia. Umeshukuru? Na yule aliyekuchelewesha juzi ukamnunia, una hakika alikuchelewesha usifike wapi?

Mimi nashukuru, jamani. Nashukuru kwa mengi ambayo sitayajua kamwe.

Leo sitauliza nani ameponywa. Nauliza, nani hapa ameepushwa na jambo ambalo hata halijui? Asimame.

Mbona mnatazamana? Simameni wote.